Je, Jasho la Mwenzio Linauzika?

Kizuri chajiuza, kibaya chajitembeza. Kila kijana aliyewahi kusimama mbele za watu na diwani yake ya kwanza mkononi ameisikia methali hiyo, kama si kwa sauti basi kwa macho ya wale waliokaa viti vya nyuma. Eti mshairi wa kweli hajinadi. Yeye aandike tu, atulie kwake, ulimwengu utamtafuta. Huyu anayezunguka na begi la vitabu, leo chuoni, kesho kwenye ukumbi wa utamaduni, keshokutwa kwenye harusi ya binamu yake, anasoma beti mbili halafu anataja bei, huyo ni machinga wa maneno. Na kama mashairi yenyewe yanahusu watu wa kazi za jasho waliohamia nchi za watu, wabeba boksi na waosha vyombo, lawama inakuwa mara mbili: anajiuza yeye, na anawauza wao.

Lawama ya kwanza nitaimaliza haraka, maana haina uzito. Ya pili ndiyo iliyonikalisha chini niandike.

Methali ile ni ya sokoni, na sokoni inafaa. Embe bivu linanukia, mpitanjia anageuka mwenyewe. Kitenge kizuri kikianikwa kambani kinaonekana toka ng'ambo ya barabara. Lakini diwani iliyofungwa hainukii. Mstari wake bora umelala ukurasa wa 34, na huko hakuna anayefika kwa bahati. Tena yule ambaye kitabu kinamhusu, anayeamka saa kumi alfajiri na kurudi usiku miguu imevimba, hapiti duka la vitabu. Akipita, bei yake ni mlo wa watoto wa siku mbili. Kitabu cha namna hiyo kikikaa kimya, kitakaa kimya hadi mchwa wakisome. Lazima kipelekwe kwa miguu ya mtu, na miguu iliyo karibu zaidi ni ya aliyekiandika.

Wala tusijidai kwamba kujitangaza tumeletewa juzi na simu za mkononi. Watunzi wetu wa tenzi walikuwa na desturi ya kujitaja mwishoni, jina na mara nyingine ukoo na mji, msomaji asibaki na shaka kazi ni ya nani. Washairi wa magazetini, tangu enzi za Mambo Leo lililoanza mwaka 1923, walizoea kutia chini ya beti zao jina la kishairi na jina la mji, na baadaye wengi wakaongeza na sanduku la posta. Sanduku la posta la nini, kama si kutafutwa? Na kama mtu anataka mfano wa ng'ambo, Walt Whitman wa Marekani alipotoa Leaves of Grass mwaka 1855 kwa fedha yake mwenyewe, alikaa akaandika na uhakiki wa kukisifu, bila kutia jina, ukachapishwa magazetini. Emerson, aliyekuwa mwandishi mwenye jina kubwa, alipomwandikia barua ya faragha ya pongezi, Whitman akaiachia gazeti bila kumwomba ruhusa mwenye barua. Huo ni utapeli kidogo, sikatai. Ila sijasikia mtu akisema mashairi yale yameoza kwa kuwa yalitembezwa.

Basi hilo tuliache. Kutembeza si dhambi.

Sasa tuje kwenye kinachotembezwa. Mtu akinunua diwani ya mapenzi, ananunua mashairi. Akinunua diwani ya kwanza ya mfanyakazi mhamiaji, mara nyingi ananunua maisha, mashairi ni karatasi ya kufungia. Sikiliza maswali yanayoulizwa siku ya uzinduzi. Hayo yalikukuta kweli? Uliingiaje nchi ile? Mlikuwa mnalala wangapi chumba kimoja? Hakuna anayeuliza kwa nini mstari wa tatu umekatwa pale ulipokatwa. Naye mshairi si mjinga, anajifunza. Akisoma shairi la theluji ya kwanza, anapata makofi ya adabu. Akisoma lile la rafiki yake aliyeanguka kutoka ghorofa ya saba ya jengo walilokuwa wakilijenga, leso zinatoka, na leso zikishatoka na pochi nazo zinatoka. Baada ya kumbi tano tayari anajua lipi la kufungulia na lipi la kufungia. Nani atamlaumu? Kodi ya nyumba inamngoja. Lakini yule rafiki hakuwepo ukumbini, hakuulizwa, na kila Jumamosi anaangushwa upya saa moja na nusu jioni.

Hapo ndipo penye swali. Nani ana haki ya kuuza jasho ambalo si lake peke yake?

Katika kulitafakari nimejikuta nikimrudia Claude McKay kuliko washairi wengi walio karibu yetu, kwa kuwa aliyapitia yote haya, na mwenyewe akayasimulia bila kujipaka poda nyingi. Alizaliwa Jamaika, mtoto wa wakulima. Alipokuwa kijana, Mwingereza mmoja mwenye nafasi aliyeishi kisiwani, Walter Jekyll, alimhimiza aandike kwa lugha ya watu wa kawaida wa pale badala ya Kiingereza cha shuleni. Mwaka 1912 zikatoka diwani mbili, Songs of Jamaica na Constab Ballads. Mwaka huohuo akavuka bahari kwenda Marekani kusomea kilimo. Masomo akayaacha, akaingia New York mwaka 1914, na kuanzia hapo ni maisha ambayo ninyi wenye kaka zenu majuu hamhitaji kuelezwa: bawabu, mtumishi wa nyumba, kijana wa baa, mpaka akatua kwenye treni za Pennsylvania Railroad, mhudumu wa behewa la chakula, anabeba sahani huku sakafu inacheza.

Kiangazi cha 1919 Marekani ilichafuka. Katika miji mingi, Washington na Chicago ikiwamo, makundi ya Wazungu yaliwavamia watu weusi na damu ikamwagika mitaani. Wahudumu wa treni walikuwa wanalala mji huu leo na mji ule kesho, bila kujua huko mbele hali ikoje. Katika A Long Way from Home, kitabu cha maisha yake alichokitoa mwaka 1937, McKay anasimulia jinsi walivyoacha kutawanyika kwenda kwenye starehe zao kama zamani. Walishikamana, wengine wakiwa na silaha mfukoni. Siku hizo ndipo ilipomtoka soneti iitwayo "If We Must Die", ikachapishwa na jarida la The Liberator mwezi Julai mwaka huo. Akawasomea wenzake wa kwenye behewa. Anasema ni shairi pekee alilowahi kuwasomea. Wakataharuki. Hata mhudumu wa nne, ambaye McKay anamchora kama mtu asiyejali kitu duniani ila wanawake, naye akalia.

Mmoja wao alikuwa mfuasi wa Marcus Garvey. Akamshauri alipeleke Liberty Hall, ukumbi mkuu wa Garvey, akalisome mbele ya umati. Hebu fikiria nafasi hiyo! Ukumbi umejaa, shairi la moto, wakati wenyewe ndio huo. McKay akakataa. Alimjibu kwamba hana hamu ya kuhutubia umati, na huku moyoni, kama anavyoeleza, harakati za Garvey hazikuwa zimemwingia, ila hakutaka kumvunja moyo mwenzake.

Wapo watakaoshangilia hapo: unaona, mshairi wa kweli hajinadi! Sivyo ninavyomsoma mimi. Miaka mitatu baadaye, mwaka 1922, alipotaka kwenda Urusi kuyaona mapinduzi na mfukoni hana kitu, McKay huyohuyo aliuza nakala za diwani yake mpya zilizotiwa saini na picha yake kwa watu waliokuwa na uwezo wa kumchangia nauli. Kisha akapanda meli kama mtia makaa, akavuka Atlantiki akisukuma koleo. Mtu wa namna hiyo haogopi kutembeza. Alichokikataa Liberty Hall ni kusoma chini ya bendera ambayo haikuwa yake, kwa umati ambao ungemshangilia kama mwenzao wa imani. Angepata jina kwa kuwaacha waamini kitu asichokiamini. Nadhani alifanya sawa, ingawa namhurumia yule mfuasi wa Garvey, aliyekuwa na nia njema tupu.

Tatizo lilimpata kwenye mlango mwingine, tena mlango mpole sana. Mwishoni mwa 1919 alikwenda Uingereza akakaa zaidi ya mwaka. Mwaka 1920 London ikamtolea diwani ndogo, Spring in New Hampshire. Mchapishaji alitaka dibaji ya mtu mkubwa, ikafikiriwa kwamba George Bernard Shaw angefaa, kwa vile McKay alikuwa amekutana naye. Shaw, ambaye katika mazungumzo yao alikuwa amemuuliza kwa nini hakuchagua masumbwi badala ya ushairi, akakataa kuandika: mashairi, alisema, hayana budi kusimama kwa miguu yake. Kizuri chajiuza, kwa Kiingereza cha bwana mkubwa aliyekwisha kuuzika. Dibaji ikaandikwa na I. A. Richards, msomi wa Cambridge. Na katika kupanga mashairi, kwa ushauri wa waliomsaidia kule, "If We Must Die" ikaachwa nje.

Aliporudi New York mwaka 1921 akampelekea nakala mhariri wake wa zamani, Frank Harris. Harris akaifungua akilitafuta shairi lile, hakuliona, akauliza. Alipoambiwa, akawaka. Akamwita McKay msaliti wa watu wake. Mzungu anamwambia mtu mweusi hivyo, na kuna kichefuchefu fulani katika jambo hilo, maana Harris hakuwa na hatari yoyote ya kukimbizwa mitaani Chicago. Lakini maneno yalimchoma McKay kwa sababu, kama anavyokubali, yalikuwa na ukweli. Akaazimia diwani nyingine itoke Marekani na shairi liwemo. Ikatoka mwaka 1922, Harlem Shadows, na shairi limo.

Sasa tazama safari ya shairi hilo moja. Lilianzia kati ya watu wenye trei mikononi. Likapita jaridani. Lilipofika kwenye kitabu chenye jalada na dibaji ya msomi, likashushwa kituoni ili abiria wengine wasafiri kwa raha. Hakuna aliyemshika McKay shingo. Hakuna aliyepiga marufuku. Ni ushauri mzuri wa watu waliomtakia mema, waliotaka wasomaji wa London wamwone kwanza mshairi, wasikutane na ghadhabu mlangoni. Kila mshairi mchanga aliyepata mfadhili anaufahamu ushauri huo. Hili ni kali mno, tuliweke diwani ya pili. Hili wasomaji wa nje hawatalielewa. Hili ongeza kidogo habari za njaa.

Kwa hiyo mimi nikitaka kujua kama mshairi amewauza watu wake, sihesabu kumbi alizozunguka wala nakala zilizotoka. Naangalia nini kimedondoka njiani, kati ya jikoni shairi lilikosikika kwanza na duka kitabu kilikowekwa. Kilichodondoka kikiwa ni kile kilichomliza mhudumu wa nne, pana jambo.

Na huyo mhudumu wa nne mwenyewe hanipi usingizi. McKay hakutupa jina lake. Tunajua vitu viwili tu juu yake: kwamba alikuwa mhuni, na kwamba alilia. Uhuni wake uliingia kitabuni kusudi machozi yake yapate uzito. Kama hata yule alilia, ujue shairi ni shairi. Maana yake ni kwamba mtu huyu ni tangazo. Machozi yake yamenukuliwa na wahakiki kwa miongo mingi, yamepamba mihadhara, na mimi hapa nimeyatumia tena kukushika wewe msomaji usifunge gazeti. Hakuna aliyemlipa. Hakuna aliyemuuliza kama anapenda kukumbukwa hivyo. Labda angependa tujue alikuwa mpishi hodari wa samaki, au kwamba alisomesha wadogo zake.

Kwetu jambo la namna hii lina jina. Linaitwa amana. Mtu akikuwekea kitu chake, hata kama hakusema neno, hukitoi kwa mwingine kama chako. Na mwenzako wa kazi anapokusimulia usiku, mmelala kwenye vitanda vya ghorofa katika chumba cha watu wanane, kwamba mkewe ameolewa na mtu mwingine kule nyumbani kwa hela aliyokuwa akiituma yeye, amekuwekea amana. Hakukupa malighafi.

Nakubali hoja hii ikivutwa sana inakatika. Tukisema kila mtu aliye ndani ya shairi aombwe ruhusa, hakuna shairi litakaloandikwa. Mama hataruhusu, baba mwenye nyumba hataruhusu, msimamizi wa kiwanda ndiyo kabisa. Tena mshairi mhamiaji naye ni mwenye mali. Jasho ni lake pia, alilala chumba hicho, alikula maharage hayo. Ukimfungia kwenye amana utakuwa umemnyima maskini kitu pekee alichotoka nacho huko, na mshairi tajiri ataendelea kuandika juu ya maua bila kuulizwa na mtu. Na tusisahau, McKay aliandika juu ya maua pia. Harlem Shadows ina mapenzi, ina majani, ina hamu ya matunda ya kwao aliyoyaona dirishani pa duka jijini New York, pamoja na wafanyakazi wachovu na wasichana wa usiku wa Harlem. Kumwambia mtu kama huyo kwamba kazi yake ni kulia kwa niaba ya behewa zima, kila ukurasa, ni kumtwisha trei nyingine.

Kwa hiyo ruhusa si kipimo. Kipimo ninachokiona mimi kimo katika desturi yetu wenyewe, na tumekizoea kiasi kwamba hatukioni: shairi hujibiwa. Muyaka bin Haji wa Mombasa, aliyefariki mwaka 1840, aliishi katika ushairi wa namna hiyo, beti zinatupwa na beti zinarudi, watu wa mji mmoja wakiwajibu wa mji mwingine. Kurasa za mashairi za magazeti yetu zilijaa malumbano. Ukimsema mtu Tanga wiki hii, ujiandae wiki ijayo kusemwa kutoka Lindi kwa vina vilevile. Hakuna aliyeomba ruhusa ya kumsema mwenzake. Lakini wote walijua aliyesemwa anayo kalamu, au anaye jirani mwenye kalamu. Sanduku la posta lile, kumbe, halikuwa la sifa peke yake. Lilikuwa mlango wa kupitishia matusi pia.

Behewa la chakula lilikuwa mahali pa kujibiwa. Yule mfuasi wa Garvey alijibu palepale: peleka Liberty Hall. Angeweza kusema, ndugu, umekosea, sisi hatukuogopa hivyo. McKay angelazimika kusikia, maana kesho yake asubuhi wanabeba sahani pamoja. Sebule za London hazikuwa na mhudumu wa nne wa kusema mbona lile la kwetu silioni.

Tazama na mambo ya karibuni. Singapore inajengwa na wanaume wa Bangladesh, India na China wanaolala kwenye mabweni. Tangu mwaka 2014 huko kumekuwa na mashindano ya ushairi ya wafanyakazi wahamiaji. Mwaka 2016 Md Mukul Hossine, fundi wa ujenzi kutoka Bangladesh, alitolewa diwani yake ya kwanza kwa Kiingereza, Me Migrant, na wachapishaji wa Ethos Books. Mwenyewe aliandika kwa Kibengali. Mashairi yakatafsiriwa, kisha Cyril Wong, mshairi mwenye jina wa palepale Singapore, akayaunda upya kwa Kiingereza. Sina neno baya juu ya tendo hilo, na Wong hakuficha mkono wake. Bila Kiingereza, mwenye nyumba aishiye katika jengo lililojengwa na Mukul asingemsikia kamwe, na kulikuwa na haja asikie. Lakini tuwaze: ni nani sasa anayeweza kumjibu Mukul kwa maneno yaliyomo kitabuni? Mwenzake wa bwenini, asiyesoma Kiingereza cha ushairi, anashika kitabu kinachomhusu kama mtu anayeshika hati ya mahakama. Anatafuta jina lake tu. Heri Mukul alikuwa angali hai, ana Kibengali chake, na jioni angeweza kukaa kitandani akawasomea.

Xu Lizhi hakuipata nafasi hiyo. Huyu alikuwa mhamiaji wa ndani ya nchi yake, kama kijana atokaye Singida kuja Kariakoo. Alizaliwa mwaka 1990 katika jimbo la Guangdong, akaenda Shenzhen kufanya kazi kwenye kiwanda kikubwa kinachounganisha simu na vifaa vya elektroniki. Akawa anaandika. Baadhi ya mashairi yake yalitoka hata kwenye gazeti la kiwanda hicho. Aliomba kazi ya maktaba, hakuipata. Tarehe 30 Septemba 2014 alijiua, akiwa na miaka 24. Diwani yake ya kwanza ilitoka mwaka 2015, kwa michango ya watu, na dunia ikamsoma kwa lugha nyingi. Waliokusanya mashairi yale walifanya wema mkubwa, tusingekuwa nayo. Lakini soko nalo lilikuwa macho: mashairi ambayo alipokuwa hai yalimtosha mhariri wa gazeti la kiwandani, sasa yalikuwa habari ya ulimwengu. Kijana mwenzangu unayeandika, usijifunze somo baya hapo. Hakuna beti inayoboreka kwa kifo cha aliyeiandika. Anayeboreka ni mnunuzi, anapata machozi yake bila hatari ya kuulizwa swali na mshairi.

Nimekwenda mbali, turudi Bongo. Kati yetu wapo wenye miswada. Nawajua, na ninyi mnawajua. Mmoja ameandika beti za kaka aliyezamia meli miaka ile, akafika, akabeba boksi, akarudi na begi moja na ukimya. Mwingine ana dada kwenye nyumba ya watu Oman. Usiku wa manane, kazi zikiisha, dada anamtumia sauti kwenye simu, dakika tatu, nne, anaongea kwa kunong'ona asisikike na mwenye nyumba. Mshairi anazisikiliza mara kumi. Anaugeuza ule mnong'ono kuwa mashairi huru, na ni mazuri, jamani, tusidanganyane, ni mazuri kuliko mengi tuliyochapisha humu. Anataka kuyatoa. Anataka kuzunguka nayo. Anauliza kama ni haki.

Mimi namwambia ayatoe na azunguke. Azunguke hadi viatu vitoboke. Fedha yenyewe haitamtia mtu aibu, hakuna aliyewahi kujenga ghorofa kwa diwani. Kinachopatikana huko ni jina, na jina ndilo la kuangalia linatoka kwenye kisima cha nani. Lakini kabla ya ukumbi, kabla ya mfadhili, kabla ya huyo msomi wa kuandika dibaji, dada asomewe. Kwa simu hiyohiyo. Ajue lipi limo na lipi limeachwa. Akisema pale umeongeza chumvi, hawakunipiga, waliacha tu kunisemesha miezi mitatu, basi shairi lirudi mezani, na naamini litarudi likiwa na nguvu kuliko lilivyoondoka, kwa sababu kutosemeshwa miezi mitatu hakuna mshairi wa Sinza angekubuni. Akisema hilo usilisome kabisa, nikirudi nitapatia wapi sura, hapo kuna mvutano wa kweli, na sidai kwamba kila mara dada ana haki na mshairi hana. Kuna dada anayeogopa aibu ambayo ni ya mwajiri, si yake. Wabishane. Kitabu kikitoka, kitoke kikiwa kimekwisha kubishiwa na mtu aliyekuwa ndani yake.

Na kitembezwe pia kule ambako hakuna pochi. Ferry asubuhi, stendi, vijiwe vya bodaboda, kwenye baraza za akina mama ambao mabinti zao wako Uarabuni. Huko hakuna leso. Huko watakukata katikati ya ubeti, mwanangu hiyo siyo, ngoja nikwambie ilivyokuwa. Mauzo yatakuwa nakala mbili, moja kwa mkopo.

Diwani za namna hii zitaendelea kuja, kwa kuwa safari zenyewe hazijakoma. Siku ya uzinduzi nitakuwepo, viti vya nyuma. Maswali yakifika sitauliza kama yalikukuta kweli. Nitauliza nani aliyasikia kwanza, na alisema nini. Halafu nitauliza bei.